Kinachomchosha daktari wa kituo cha afya (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza daktari wa ngazi ya msingi ni nani. Ni yule anayepokea mtoto mwenye homa, mjamzito, mzee mwenye presha na kijana aliyeanguka na bodaboda, wote kwenye benchi moja, kabla haijajulikana nani ana nini. Nchini Kenya kazi hiyo inazidi kukabidhiwa daktari wa familia, aliyeisomea kwa shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafundisha mwaka 2005. Kwa Tanzania mara nyingi ni daktari mwenye shahada ya kwanza au tabibu, na akiwa ndiye mganga mfawidhi, kituo kizima kiko mabegani mwake. Leo tuingie kwenye uchovu wenyewe: ukoje, na unatoka wapi.

Aliyeuandika kwanza kitaaluma ni mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, Myahudi aliyezaliwa Frankfurt na kuikimbia Ujerumani ya Wanazi akiwa bado mdogo. Mchana alikuwa na wateja wake wa kulipia jijini New York. Jioni alijitolea kwenye kliniki ya bure iliyohudumia vijana, wengi wao wakitumia dawa za kulevya. Mwaka 1974 alichapisha makala juu ya alichokiona kwa wenzake na kwake mwenyewe. Watu walioingia kazini kwa moyo mkunjufu walifika mahali hawalali, wanakasirika kwa jambo dogo, wanashinda kazini saa nyingi zaidi huku kazi inayotoka ikizidi kupungua. Naomba msomaji azingatie mahali hapo. Uchovu huu ulitambuliwa kwanza kwenye kliniki ya mlango wazi, ambako mgonjwa hafukuzwi na anayehudumia hana wa kumpokeza.

Baadaye Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Susan Jackson, walitunga dodoso la maswali 22 lililochapishwa mwaka 1981 na linalotumika mpaka leo. Linapima mambo matatu: kuishiwa nguvu za moyo, kumwona mgonjwa kama kitu, na kujiona kwamba kazi yako haina tija. Shirika la Afya Duniani limefuata njia inayokaribiana na hiyo katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Humo uchovu wa kazi umeandikwa kuwa ni hali inayotokana na mazingira ya kazi, na haukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Tofauti hiyo ina uzito wake. Sonona humfuata mtu hadi nyumbani, kwenye sherehe na kwenye chakula, nayo inatibiwa. Uchovu wa kazi mzizi wake uko kazini. Ukimpumzisha mtu wiki mbili kisha ukamrudisha kwenye kazi ileile bila kubadili kitu, atarudi alipokuwa. Hata hivyo mambo haya mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja kwa pamoja. Daktari anayewaza kujidhuru asiambiwe akapumzike. Apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo.

Katika dalili hizo tatu, ya kwanza hujionyesha yenyewe. Ya pili ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu mwenye nayo haioni. Inaanzia kwenye salamu. Daktari aliyezoea kusema, "Shikamoo mama, mjukuu hajambo?" anaanza kusema, "Tatizo?" huku macho yako kwenye kitabu. Bibi anaitikia "Marahaba" kwa mazoea, kisha anagundua kwamba hakuamkiwa. Baada ya hapo majina yanapotea. Wanabaki "yule presha", "yule sukari wa benchi la mwisho", "mimba ya saba". Daktari huyu hajageuka mtu mbaya. Amejifunika, maana kila mgonjwa anayemtazama usoni anamdai kitu, na yeye hana tena cha kutoa.

Sasa chanzo. Jibu la haraka ni wingi wa wagonjwa, na si uongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya takwimu za nchi 67, ulikuta muda ambao mgonjwa anakaa mbele ya daktari wa ngazi ya msingi ukianzia sekunde 48 nchini Bangladesh hadi dakika 22 na nusu nchini Sweden. Kwa sekunde 48, hata mkono wa kufungwa kipimo cha presha haujatoka kwenye buibui. Lakini wapo madaktari wanaoona wagonjwa wengi mno na bado wanaipenda asubuhi yao, na wapo wanaoona wachache wakachoka vibaya. Wingi peke yake hautoshi kueleza.

Tuitazame Jumatatu moja ya mganga mfawidhi kwenye kituo cha afya cha kata nchini Tanzania. Mgonjwa wa nje anaandikwa kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa kukusanya taarifa za huduma za afya, mjamzito namba 6, mtoto namba 7, na mwisho wa mwezi vyote vinajumlishwa kuwa ripoti. Mwenye bima ana fomu yake. Ikikosekana saini au namba, dai linakatwa na kituo ndicho kinachopoteza. Saa nne inapigwa simu kutoka halmashauri: taarifa ya chanjo inatakiwa kabla ya mchana. Fundi wa jengo jipya la wazazi amesimama mlangoni, anasubiri saini ili saruji itoke. Saa sita kuna kikao cha kamati ya kituo. Katikati ya hayo mjamzito anaanza kutokwa damu, na gari la wagonjwa liko wilayani. Jioni, ukimuuliza daktari amefanya nini leo, atakumbuka fundi na simu kabla hajakumbuka mgonjwa hata mmoja.

Mtu atasema kompyuta zitamaliza shida hiyo. Marekani walitangulia kuwa nazo, na mwaka 2017 watafiti wa Wisconsin walipima kazi ya madaktari wa familia 142 kwa kumbukumbu za mfumo wenyewe. Katika siku ya kazi ya saa 11.4, saa 5.9 zilikwenda kwenye kompyuta, na karibu saa moja na nusu ya hizo ilikuwa baada ya kliniki kufungwa. Wao hawaiti kuandika huko kuwa ni kazi ya ziada. Kumekuwa ndiyo kazi. Nasi tunaoanza kufunga mifumo ya kielektroniki vituoni tuangalie sana, kwa kuwa mara nyingi mfumo mpya unaletwa na vitabu vya zamani havitolewi, na mtu yuleyule anajaza vyote viwili.

Kuna na majengo. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kuwe na zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Miaka ya karibuni vituo vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji ili mama asifie njiani. Haya ni maendeleo ya kweli, na wapo akina mama walio hai leo kwa sababu yake. Lakini kuwa na chumba cha upasuaji ni kuwa na mtu wa kuamshwa saa nane usiku. Madaktari wakiwa wawili, leo ni huyu na kesho ni yule, na mmoja akienda masomoni au likizo ya uzazi anabaki mmoja. Kumekucha, benchi limejaa, naye hajalala. Watumishi hawakuongezeka kwa kasi ya matofali.

Nimeliacha kwa makusudi jambo ninaloliona zito kuliko yote hayo. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu anakuja na presha ya juu. Daktari anajua la kufanya. Alifundishwa, na dawa si ghali. Anaandika. Baada ya robo saa mwanamke anarudi mlangoni na karatasi: "Daktari, dirishani wameniambia hamna, nikanunue." Daktari anaijua nyumba yake, anajua hatanunua, anajua mwezi huu ni wa ada za shule. Anampa maneno: apunguze chumvi, arudi wiki ijayo. Miezi mitatu baadaye analetwa na bajaji, mdomo umepinda, mkono wa kulia haunyanyuki. Hakuna ukurasa wa kitabu cha MTUHA unaoandikwa kilichopita kifuani mwa daktari saa hiyo. Alijua, na hakuweza. Jambo hilo likijirudia mara nyingi, mtu huanza kujikinga kwa kutotaka kujua, na hapo ndipo "Shikamoo mama" inapogeuka "Tatizo?".

Maslach na mwenzake Michael Leiter walikuja kusema kwamba uchovu wa kazi huchochewa na sehemu sita za maisha ya kazini, na wingi wa kazi ni moja tu kati ya hizo. Nyingine ni kukosa mamlaka juu ya kazi yako, na kulazimika kutenda kinyume cha unachokiamini. Daktari wa kituo cha afya analaumiwa kwa dawa asizonunua, kwa watumishi asiowaajiri na kwa gari asilolipangia safari. Kenya ilipopata mgomo wa madaktari wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, mjadala mwingi mitaani ulikuwa juu ya mishahara. Mishahara ilikuwa hoja halali. Lakini msongo wa kumtazama mgonjwa ukiwa huna cha kumpa hauondolewi na mshahara peke yake.

Kinachomlinda daktari huyu, kwa maoni yangu, ni kitu ambacho mifumo yetu inakivunja bila kukusudia: kumjua mgonjwa kwa miaka. Nchini Norway, tangu mwaka 2001, kila mkazi ana haki ya kuwa na daktari wake wa familia anayejulikana kwa jina. Watafiti wa huko walipofuatilia mamilioni ya wakazi, walikuta kwamba waliokaa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa kufa ulio pungufu kwa takriban robo, ukilinganisha na waliokuwa na daktari wao kwa mwaka mmoja au pungufu. Walilazwa mara chache zaidi na kwenda kliniki za usiku mara chache zaidi. Hiyo ni faida ya mgonjwa. Ya daktari haipimwi kirahisi, ila kila aliyekaa kituo kimoja muda mrefu anaijua: ukimfahamu mtu huanzi upya kila mara, unajua kikohozi kipi ni cha kawaida kwake na kipi si chake, na unayaona matunda. Mtoto uliyemzalisha anakuja kuchanjwa, kisha anapita na sare za shule. Huko ndiko tija inakoonekana, na tija ni ile dalili ya tatu ya Maslach. Sisi tunamhamisha daktari baada ya miaka miwili, na kituo chenye madaktari watatu hakina utaratibu wa bibi kumwona yuleyule aliyemwona mwezi jana.

Ukaribu huo una gharama pia, na haifai kuificha. Kwenye kata daktari hana saa ya kutokuwa daktari. Anaulizwa dawa sokoni, msibani, akitoka msikitini au kanisani, na mlango wa nyumba yake unajulikana na kila mtu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu wa mgonjwa anayegonga saa tano usiku hajui kwamba yeye ni wa nne. Wengi huishia kujitibu wenyewe, kujiandikia dawa za usingizi na kunyamaza, maana daktari anayesema amechoka anaogopa kuonekana hafai.

Dawa inayotolewa mara nyingi ni semina ya kujitunza: pumua taratibu, fanya mazoezi, panga muda wako. Hakuna ubaya kwenye mazoezi. Ila kumfundisha kupumua mtu uliyemkalia kifuani ni kukwepa wajibu. Ningeanza na karani wa takwimu kwa kila kituo cha afya, ili kalamu ya daktari iandike matibabu tu. Ningepiga marufuku taarifa ya dharura kutoka halmashauri wakati wa kliniki, isipokuwa dharura yenyewe ni ya mgonjwa. Fedha zilipoanza kupelekwa moja kwa moja vituoni mwaka wa fedha 2017/18, kituo kilipata sauti juu ya dawa na vifaa vyake, jambo jema sana; lakini penye fedha pana vitabu vya hesabu, na pale asipokuwepo mhasibu msaidizi, mhasibu ni daktari. Aliyekesha kwenye upasuaji asikae kliniki asubuhi, na ratiba hiyo iandikwe na isimamiwe na wilaya, isiachwe kwa huruma ya mwenzake.

Lipo jingine lisilohitaji bajeti. Miaka ya 1950 jijini London, Michael Balint, daktari mzaliwa wa Hungaria, alikuwa akiwakutanisha madaktari wa familia wachache kwenye Kliniki ya Tavistock. Kila mara mmoja alimzungumzia mgonjwa aliyekuwa akimsumbua moyoni, na wenzake walisikiliza bila kumsahihisha tiba. Vikundi vya namna hiyo vipo hadi leo katika nchi nyingi. Wilaya yenye vituo vya afya vitano inaweza kuanza Ijumaa moja kwa mwezi: madaktari peke yao, bila mganga mkuu wa wilaya, bila muhtasari wa kikao wala karatasi ya mahudhurio. Azungumziwe yule mama wa presha, kwa jina lake, na aliyemtibu aseme alilala vipi usiku ule.

Wiki ijayo tutashuka hadi kwenye zahanati, ambako tabibu au muuguzi anaweza kuwa peke yake mwezi mzima na hana mwenzake wa kukaa naye Ijumaa hiyo.