Nakala za kesi yako: omba mapema katika mahakama ya Kakuma

Kama umehukumiwa katika kesi ya jinai na huridhiki, sheria ya Kenya inakupa siku 14 za kukata rufaa tangu adhabu itolewe. Kesi ya madai, kwa mfano deni la duka, ina siku 30. Siku hizo hupita haraka, hasa kama umekaa ukisubiri kupigiwa simu na karani. Usisubiri simu. Andika barua ya kuomba nakala siku ileile uamuzi unaposomwa, au kesho yake asubuhi.

Sababu ni hii. Rufaa kutoka mahakama ya hakimu Kakuma huenda Mahakama Kuu ya Lodwar, umbali wa takriban kilomita 120. Jaji wa huko hakuwasikia mashahidi wako. Kwa kawaida atategemea kilichoandikwa: mwenendo wa kesi, yaani maneno ya mashahidi na yote yaliyotokea mahakamani, pamoja na vielelezo na hukumu. Kwa hiyo ukiomba, taja vitu viwili: nakala ya mwenendo wa kesi na nakala ya hukumu. Ukiomba hukumu peke yake, utapewa hukumu peke yake.

Je, mkimbizi ana haki hiyo? Ukiambiwa kwamba habari za serikali ni za raia tu, ujue kuna ukweli kidogo hapo: Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinataja raia. Lakini mshtakiwa hahitaji kutumia kifungu hicho. Kifungu cha 50 kinampa kila mshtakiwa, awe raia au la, haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake katika muda unaofaa baada ya kesi kumalizika, kwa kulipa ada ya kadiri iliyowekwa na sheria. Hata wakati kesi bado inaendelea unaweza kuomba, isipokuwa kwa makosa madogo yanayosikilizwa kwa utaratibu wa muhtasari.

Barua yenyewe haihitaji wakili. Iandike kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa masjala ya mahakama. Weka jina lako kama lilivyo kwenye faili, hata kama karani alilikosea, kisha uandike pia jina lililo kwenye kitambulisho chako. Weka nambari ya kesi na mwaka, jina la hakimu, tarehe ya uamuzi na nambari yako ya simu. Nambari ya kesi ndiyo muhimu kuliko yote. Bila hiyo karani atatafuta faili kwa majina, na majina yanayofanana Kakuma ni mengi.

Peleka barua mbili zinazofanana. Moja inabaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa tarehe na urudi nayo nyumbani. Karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo kinga yako. Nakala zikichelewa kuchapwa hadi siku 14 zipite, sheria inaitaka Mahakama Kuu ipokee rufaa yako ya jinai, mradi uonyeshe kwamba uliziomba na hukuzipata kwa wakati. Katika kesi ya madai, omba mahakama ikupe cheti kinachoonyesha muda uliotumika kutayarisha nakala. Muda huo hauhesabiwi katika zile siku 30. Asiye na barua yenye muhuri atapata shida kuthibitisha lolote.

Lipa ada kwa njia rasmi ya mahakama tu, na uchukue risiti. Hakuna ada ya "kuharakisha faili". Ukiombwa pesa ya aina hiyo, peleka malalamiko kwa msimamizi wa mahakama au kwa ombudsmani wa Idara ya Mahakama.

Kama ndugu yako yuko gerezani, anaweza kumkabidhi msimamizi wa gereza hati yake ya rufaa, naye ataifikisha mahakamani. Huhitaji kuomba kibali cha kusafiri hadi Lodwar kwa ajili hiyo tu.

Na kama kesi si yako? Vikao vingi viko wazi, unaweza kuingia, kukaa na kusikiliza. Hukumu za Mahakama Kuu na mahakama za juu yake husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Lakini kesi za watoto hazisikilizwi hadharani, na katika kesi za ubakaji mahakama inaweza kuwazuia watu wasiingie ili kumlinda mwathiriwa. Usishangae faili hizo zikifungwa kwako, hata kama wewe ni jirani au kiongozi wa bloku. Maamuzi ya wazee nayo hayamo masjala kabisa. Kama mlipatanishwa na wazee, andikeni makubaliano, mtie sahihi pande zote na kila upande ubaki na nakala.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaoweza kusaidiwa. Kakuma, shirika la Refugee Consortium of Kenya hutoa ushauri wa kisheria bila malipo. Unapokwenda, beba barua yenye muhuri, kitambulisho na, kama uliweka dhamana ya pesa taslimu, ile risiti yake halisi: utaihitaji pia siku ya kudai pesa zako.