Je, Wajua? Uamsho Ulioanza kwa Watu Wawili Waliochoka

Je, wajua kwamba uamsho wa Kikristo uliotikisa Afrika Mashariki nzima haukuanzia mimbarini kwa askofu? Chanzo chake ni watu wawili waliokuwa wamechoka. Mmoja alikuwa daktari Mwingereza, Joe Church, wa hospitali ya misheni ya Gahini, kando ya Ziwa Muhazi nchini Rwanda. Njaa kali iliyoikumba Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imemmaliza nguvu, na alikuwa amebaki na kiu ya kiroho. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Naye Nsibambi alikuwa na kiu ileile. Kwa siku mbili walikaa na Biblia wakifuatilia habari za Roho Mtakatifu, kisha wakapiga magoti pamoja. Mzungu na Mwafrika kukiri upungufu wao, kila mmoja mbele ya mwenzake, chini ya ukoloni! Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa la ajabu kuliko mengi yaliyofuata.

Church alirudi Gahini. Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akawa mhubiri asiye na mshahara. Nyumba yake ikageuka kituo cha watu wenye maswali. (Mmoja wa wanawe, Apolo Nsibambi, ndiye aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uganda kuanzia 1999 hadi 2011.)

Miongoni mwa waliobisha hodi kwake alikuwa Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu pale hospitali ya Gahini. Kinuka alikuwa na manung'uniko mengi kuhusu kazi, na huenda alitarajia kuonewa huruma. Badala yake Nsibambi alimwambia kwamba kama hospitali imepoa, basi achunguze kwanza dhambi iliyo moyoni mwake yeye. Kinuka aliondoka kwa hasira. Kabla hajafika nyumbani Rwanda alikuwa amesalimu amri. Kutoka hapo moto ulipita kwa wauguzi, walimu na wainjilisti, na kufikia mkutano wa Desemba 1933 hapo Gahini, watu walisimama mmoja baada ya mwingine kuungama hadharani.

Kuokoka kwenyewe kulikuwa na gharama. Mtu aliyesema ameokoka alitazamiwa kurudisha alichoiba, kulipa deni alilolikana, kumwomba radhi mkewe, jirani yake, hata bwana mkubwa aliyekuwa akimchukia. Wamisionari nao hawakusalimika: kulikuwa na waliosimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi na dharau zao. Ndugu, kama watu wa uamsho walivyoitana, waliita jambo hilo kutembea nuruni, na hadi leo katika vikundi vya ushirika utamsikia mzee akisema amekuja "kujiweka nuruni" kabla ya kutaja kosa la wiki iliyopita. Lazima tuseme pia kwamba desturi hii ilileta aibu zake. Wapo walioungama uzinzi kwa kirefu na kuwataja wenzao ambao hawakuwa wameombwa ruhusa. Maaskofu walilalamika, na katika hilo sidhani walikosea.

Je, wajua kwamba chuo cha kufundisha makasisi kiliwahi kuwafukuza wanafunzi kwa sababu ya kuamka mapema kusali? Ni Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, mwaka 1941. Wanafunzi walioguswa na uamsho walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiri. Waliwashutumu pia walimu kwamba mafundisho yao yamelegea na kwamba wizi na uzinzi vinafumbiwa macho. Uongozi ulipiga marufuku mikutano hiyo ya alfajiri. Wao wakakataa kutii. Wakafukuzwa 26. Kiongozi wao, William Nagenda, hakuwahi kuwekewa mikono kuwa kasisi, lakini mwaka 1947 alikuwa Uingereza pamoja na Church na Kinuka, akiwahubiria Waingereza toba. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba waliofukuzwa hawakuanzisha dhehebu lao. Walibaki Waanglikana, wakikaa kwenye mabenchi ya kanisa lililowatimua. Chuo chenyewe leo ni Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda.

Wimbo wao je? *Tukutendereza Yesu* huimbwa kwa Kiganda hata na watu wa Moshi, Bukoba na Murang'a wasiojua neno lingine lolote la lugha hiyo. Wengi huamini ni wimbo wa Kiafrika tangu asili. La hasha: maneno ya awali yaliandikwa na Mmarekani Phoebe Palmer katika karne ya 19, na sauti ilitungwa na binti yake, Phoebe Knapp. Ila ukisikia wazee wakiuimba taratibu huku wakishikana mikono baada ya mtu kutubu, utakubali kwamba umekwisha kupata uraia.

Kenya uamsho uliingia kwa nguvu kuanzia mkutano wa Kabete mwaka 1937, na huko ndiko ulikojaribiwa vikali kuliko kwingine. Vita vya Mau Mau vilipoanza katika miaka ya 1950, ndugu wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha wapiganaji, wakisema hawawezi kuichanganya damu ya mbuzi na damu ya Kristo. Wapiganaji wakawaona wasaliti. Lakini wengi wao walikataa pia bunduki za serikali, na wakoloni nao wakawatilia shaka. Baadhi waliuawa. Pande hizo zilikutana hata ndani ya familia moja: Obadiah Kariuki, mmoja wa viongozi wa uamsho aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955, alikuwa ameoa binti wa Chifu Koinange; binti mwingine wa Koinange aliwahi kuwa mke wa Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa kifungoni.

Tanganyika haikuachwa nyuma. Festo Kivengere, kijana kutoka Kigezi, Uganda, alikuja Dodoma kufundisha shule na kushuhudia, miaka mingi kabla ya kuwa askofu. Upande wa Bukoba uamsho uliwaingia Walutheri, na kutoka humo akaibuka Josiah Kibira. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, Kibira alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho.

Isidhaniwe kwamba ndugu hawakugombana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la "walioamka upya" lilijitenga nchini Uganda, likidai wenzao wamepoa, na miongoni mwa dhambi walizozikemea ilikuwa ni kukopa fedha. Sijui wangesema nini leo kuhusu mikopo ya kwenye simu.

Mwisho, Janani Luwum. Mwalimu huyu wa shule kutoka Acholi aliokoka tarehe 6 Januari 1948 kupitia wahubiri wa uamsho, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Uganda na nchi jirani. Alipopinga mauaji ya utawala wa Idi Amin, yeye mwenyewe aliuawa, tarehe 16 Februari 1977. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Tangu 1998 sanamu yake inasimama juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London, kati ya wafiadini 10 wa karne ya 20. Na Uganda imeifanya tarehe hiyo kuwa sikukuu ya taifa, kwa hiyo ukifika Kampala tarehe 16 Februari ukakuta ofisi zimefungwa, usishangae.