Kutoka Kwaraa, lala Kolo

DODOMA Jiji wakienda kucheza na Fountain Gate Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Babati, shabiki anayewafuata ana takriban kilomita 250 za kwenda na hizohizo za kurudi. Wengi hugeuza usiku uleule, dereva akiwa hoi kama beki aliyecheza dakika 120.

Njiani kuna pa kupumzika. Kolo, kabla hujafika Kondoa mjini ukitokea Babati, ina kambi kando ya mto yenye jina la Mary Leakey, mtafiti aliyefika huko 1951 kunakili michoro ya miambani. Michoro hiyo ni Urithi wa Dunia tangu 2006.

Sio hoteli. Hema, maji, msosi na tochi unabeba mwenyewe, na ukifika unaripoti kwanza ofisi ya Mambo ya Kale.

Mto wenyewe ni wa msimu, kiangazi unabaki mchanga mtupu. Hapo ndipo mgeni anafungwa bao la kizembe: anaona mchanga laini, anatandika hema. Mvua ikipiga milimani, maji yanashuka ghafla hata kama kambini ni kukavu. Hema likae juu ya kingo.

Kukata miti ni kadi nyekundu. Mmomonyoko uliitafuna Kondoa hadi ukaanzishwa mradi wa HADO mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa ili ardhi ipone. Jiko dogo la gesi linatosha.

Walima Zabibu wanaweza kuacha pointi Babati. Shabiki wao afike nyumbani salama.