Kabla Hujalilipia, Inua Mkeka

Picha ilitoka kwa shemeji yangu wa Mombasa, ikaruka simu kwa simu hadi ikatua Kibarani. Nasema Kibarani yetu ya Kilifi, si ile ya Makupa iliyojulikana kwa jaa la taka. Gari jeusi, boneti ndefu kama mtumbwi, taa mbili za mbele kila moja ukubwa wa sufuria ya wali, na ubao wa kukanyagia chini ya milango. Chini ya picha palikuwa na maneno machache tu: linauzwa, liko moja tu duniani, bei ni kwa simu.

Nilimwonyesha fundi wa kunyoosha bodi anayefanyia kazi kivulini mwa mwembe, ambaye siku hiyo alikuwa akiutoa mbonyeo mlango wa Probox. Alifuta mikono, akaivuta picha kwa vidole viwili, akaitazama kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Sikumsikia akiuliza bei, wala mbio zake, wala unywaji wake wa mafuta. Aliuliza: "Mzee, hii bodi ni ya kampuni ama ya fundi?"

Wanunuzi wengi wenye pesa hawalijui swali hilo, na ndilo la kwanza.

Sisi tumezoea gari linalotoka kiwandani limekamilika, kama mkate unavyotoka tanuuni. Zamani haikuwa hivyo kwa magari ya matajiri. Hadi Vita Vikuu vya Pili, Rolls-Royce haikuuza gari zima. Iliuza chasisi: fremu ya chuma, injini, magurudumu, usukani na ile boneti yenye pua ya fedha. Mteja alilipa, kisha akaipeleka chasisi yake kwa fundi wa bodi, kama mtu anavyonunua kitambaa dukani halafu akaenda nacho kwa fundi cherehani. Huko ndiko walikokaa kuulizana: milango miwili au minne? Dereva akae ndani au anyeshewe na mvua? Viti vya ngozi au vya kitambaa? Waliofanya kazi hiyo walikuwa na majina makubwa. Barker walianza mwaka 1710 wakiunda magari ya farasi. Hooper waliwaundia wafalme hadi walipofunga mwaka 1959. Italia walikuwapo Zagato, Touring na Pinin Farina. Ufaransa, Figoni na Falaschi, waliokunja bati mpaka gari likafanana na tone la maji.

Kwa hivyo tangazo linaposema gari liko moja tu duniani, huenda ni kweli tupu bila chumvi ya dalali. Chasisi za aina hiyo ziliweza kuwa mia kadhaa, lakini bodi ile ilikatwa kwa mtu mmoja. Mfano wa ngazi ya juu kabisa ni Rolls-Royce Phantom IV. Zilitengenezwa 18 tu, kati ya 1950 na 1956, na ya kwanza ilikwenda kwa Princess Elizabeth, yule aliyeupata umalkia akiwa hapa Kenya Februari 1952. Nyingine ilikuwa ya Aga Khan III, ambaye wazee wa pwani wanamkumbuka kwa kupimwa uzito kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Bodi ya gari lake iliundwa na Hooper.

Ukitaka kujua bei zinafika wapi, Agosti 2018 kule California Duesenberg SSJ ya mwaka 1935, iliyokuwa ya mwigizaji Gary Cooper, ilinadiwa kwa dola milioni 22. SSJ ziliundwa mbili tu. Mwaka 2022 Talbot-Lago moja yenye bodi ya Figoni na Falaschi ikapata zaidi ya dola milioni 13. Injini nzuri pekee haifikishi gari kwenye fedha za namna hiyo. Watu walinunua mkono wa fundi.

Sasa niseme jambo ambalo sisi wa Kilifi tunaweza kulielewa haraka kuliko wengine. Ukilivua gari lile jeusi ngozi yake, ndani utakuta jahazi. Chasisi ndiyo mkuku. Juu yake husimamishwa mataruma ya mbao, kwa kawaida ya mti uitwao ash, mgumu lakini unaonyumbulika, umekatwa na kupindwa kufuata umbo la mlango, nguzo na paa. Ndipo bati la alumini linagongwa kwa mkono, kipande kwa kipande, likavishwa juu ya mbao na kupigiliwa misumari midogo. Aliyewahi kusimama kandoni mwa hori akitazama chombo kikiundwa atafahamu kwa nini bodi moja ilichukua miezi.

Na kazi hiyo haikuwa ya ugenini peke yake. Miaka ya 1920 na 1930 walowezi wa Kenya walikuwa wakiagiza chasisi yenye injini na kuikabidhi kwa maseremala wa Kihindi, wengi wao Makalasinga, wawaundie sanduku la mbao kwa nyuma: nafasi ya mizigo, mbwa, bunduki na watu. Gari hilo liliitwa kwa Kiingereza box-body, na kila anayesoma habari za walowezi hukutana nalo. Halikuwa la anasa. Lakini utaratibu ni uleule wa Hooper: chasisi ya mbali, mbao za fundi wa karibu. Waliopanda magari ya mbao ya Unguja, wakakaa kwenye mabenchi wakitazamana magoti kwa magoti, walikuwa ndani ya kazi ya aina hiyo. Hata basi la leo linalopita daraja la Kilifi kwenda Malindi, chasisi yake ilitoka kiwandani na dereva amekalia kiti kitupu hewani, ikaenda kwenye karakana ikachomelewa bomba za mraba, ikavishwa bati, vioo na rangi. Serikali ina kiwango chake cha kazi hiyo, KS 372, na karakana kama Labh Singh Harnam Singh jina lao limesafiri kwenye mabasi miaka mingi.

Tofauti iko hapa. Mzungu alipigilia kibati chenye jina la fundi mlangoni, akaandika namba ya bodi kwenye mbao, akaweka daftari. Leo chama cha wapenzi wa Rolls-Royce, chenye makao yake Paulerspury huko Uingereza, kinahifadhi kadi za chasisi za tangu enzi hizo: nani aliagiza, bodi ilikwenda kwa nani, gari lilikabidhiwa lini. Kadi hiyo ndiyo inayogeuza chuma kikawa mali. Sisi, nani aliyeunda lile boksibodi la shamba la mkonge? Jina halikubaki. Linanikera jambo hili, na sioni aibu kulisema.

Turudi kwenye picha ya shemeji. Tuseme una fedha, na gari liko hapa pwani. Kama ungekuwa unanunua Probox ungefungua boneti kwanza. Hapa anza na mlango. Ufungue, uushike kwa chini, uuinue. Mlango ukicheza juu na chini, bawaba zinaweza kuwa zimelika, lakini mara nyingi ni nguzo ya mbao iliyozishika ndiyo iliyooza, na kuibadilisha ni kulivua gari nguo zote. Kisha inua mkeka wa sakafuni. Chukua bisibisi, udunge mbao polepole pembeni mwa milango na chini ya kiti cha nyuma, maana maji hukaa huko. Bisibisi ikizama kama kwenye papai lililoiva, simama, uvute pumzi.

Uingereza hatari ni unyevu na kuvu. Hapa ongeza mchwa. Gari lililolala miaka 30 bandani, sakafu ya udongo, magurudumu yameisha upepo na chasisi imegusa ardhi, limewajengea mchwa ngazi. Wao hawagusi rangi. Wanakula ndani kwa ndani, na kwa nje gari linang'aa kama siku ya harusi. Ongeza na upepo wa chumvi. Watu hudhani alumini haiozi. Haipati kutu nyekundu, kweli, lakini inapogusana na msumari au fremu ya chuma penye chumvi huliwa taratibu, ikaacha unga mweupe. Ukiona rangi imevimba vipele mahali misumari ilipopita, umeshauona unga huo kabla hujaukwangua.

Halafu ulizia namba. Ya chasisi, ya injini, ya bodi, na zifanane na kadi. Kuna ujanja wa zamani: bodi nzito ya milango minne ilikuwa haina bei, basi mtu akaing'oa, akaunda ya wazi yenye sura ya kuvutia juu ya chasisi ileile. Gari kama hilo si la kutupwa, lakini si lile lililotangazwa, na bei yake haiwezi kuwa moja. Muuzaji asiyependa ukague namba mchana kweupe, mwachie gari lake.

Kwa Kenya kuna la ziada. Kiwango cha kawaida cha ukaguzi, KS 1515, hakiruhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Ndiyo maana gari la kale ambalo lilishashuka Kilindini na lina logibuku ya hapa lina uzito wake wa peke yake. Wenye magari ya namna hiyo hukutana Nairobi kila mwaka kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970 chini ya klabu ya wenye Alfa Romeo. Waamuzi hupita na vitambaa vyeupe wakitafuta vumbi chini ya madigadi. Ni mchezo wa wenye nacho, sikatai. Lakini nyuma ya kila gari linalopokea kikombe pale yuko fundi wa jua kali aliyegonga bati usiku kucha, na yeye si mgeni rasmi.

Fundi wetu wa Kibarani alinirudishia simu na uamuzi wake. Picha yenyewe, akasema, haionyeshi hata mlango mmoja ukiwa wazi. "Hapo kuna neno, Mzee." Nimemwandikia shemeji amwombe muuzaji picha ya mlango wazi, ya sakafu bila mkeka, na ya kibati cha namba. Wiki ya pili hii, hajajibiwa.

Nawe msomaji, kama nyuma ya banda la babu kule Takaungu, Vipingo au Gede kuna chasisi kuukuu yenye masalia ya mbao, usiwaite wanunuzi wa vyuma chakavu kwanza. Piga picha namba. Na kama yupo mzee anayekumbuka nani aliipiga randa mbao ile, liandike jina lake.