Wawili kwa Wawili: Vita vya Ulingoni Vitazamwavyo Bwera

Katika siku za soko la Mpondwe, yaani Jumanne na Ijumaa, wachuuzi wa Kasindi wakisha kuvuka mto Lhubiriha, mpaka wa Kongo na Uganda, na kushusha mizigo yao, vibanda vya video vya Bwera hujaa watu waliokuja, si kwa filamu ya mapenzi wala ya vita, bali kwa mieleka ya Marekani, na hasa ile ya wawili kwa wawili, ambayo VJ, yule mfasiri wa video, huifasiri kwa Kiganda kwa kasi na mzaha, hata Mkonzo asiyekijua sana Kiganda na Mkongo aliyelelewa kwa Kiswahili wakacheka pamoja. Ndivyo ilivyo Kasese pia, mji uliokuzwa na reli iliyofika mwaka 1956 na shaba ya Kilembe, ambako watu wa makabila mengi walikutanishwa na ajira.

Ubishi haukosi humo: huyu atasema ni maigizo matupu, na yule ataapa kwamba damu aliyoiona ni damu. Kwa rai yangu wote wawili wamesema kweli, kwa kuwa mshindi hupangwa kabla, lakini uzito wa pandikizi la mtu liangukalo kifuani mwa mwenziwe haupunguzwi na mapatano yoyote.

Sharia ya mchezo huu ni nyepesi kuieleza, na imewekwa, naona, kwa makusudi ya kuvunjwa. Mmoja wa kila upande huwamo ulingoni, na mwenziwe husimama nje ya kamba katika pembe yao. Haruhusiwi kuingia mpaka aguswe mkono, na mguso huo sharti mwamuzi auone. Basi hila yote imejengwa juu ya macho ya mwamuzi. Mahasimu wenye inda humtenga mmoja wa vipenzi vya watu, wakamburura hadi pembeni kwao, wakamwadhibu kwa zamu. Mwenziwe, asiyeweza kuistahimili dhuluma ile, huruka kamba kwenda kumwokoa. Mwamuzi humwelekea yeye ili amrudishe mahali pake, akiitekeleza sharia kwa uaminifu kabisa, na nyuma ya mgongo wake wale wawili humkanyaga mnyonge kwa pamoja. Kibanda kizima hupiga ukelele. Tena mguso wa halali ukitokea wakati huohuo, mwamuzi hakuuona, kwa hiyo ni kama haukuwa. Mtu aliyewahi kupeleka shauri la shamba barazani, shahidi wake asisikilizwe, huyaelewa haya bila VJ.

Lakini upo wakati ambapo hata sharia ya kuvunjwa huachwa, wote wanne wakashikana, na vita vikatoka nje ya ulingo. Kisa mashuhuri cha namna hiyo kilitokea tarehe 15 Juni 1979 huko Tupelo, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, katika enzi ambazo mieleka ya Marekani iligawanywa kwa maeneo, kila eneo na bwana wake, na bwana wa Memphis alikuwa Jerry Jarrett. Jerry Lawler na Bill Dundee, vipenzi vya watu, walinyang'anywa mataji yao na Wayne Ferris na Larry Latham, walioitwa Blond Bombers. Na badala ya kwenda kuoga, wote wanne wakavamiana hadi kwenye duka la vitafunio la ukumbi ule, wakapigana kwa kila kilichowafikia mkononi, na mitungi ya haradali ikaruka, huku mtangazaji Lance Russell akisimulia kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia msiba. Wala haikuwa wazimu. Picha zile zilirushwa katika televisheni ya Memphis ili watazamaji washikwe na ghadhabu, na mwenye ghadhabu alipe kiingilio Jumatatu usiku katika ukumbi wa Mid-South Coliseum.

Memphis hiyohiyo ndiko lilikozaliwa, mwaka 1982, lile lililoitwa Jitu la Uganda. Jina lake la ulingoni lilikuwa Kamala, uso umepakwa rangi, kifua na tumbo vimechorwa nyota na mwezi, mkononi mkuki. Likanadiwa kuwa liliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin, ambaye Kampala ilimtoka mikononi Aprili 1979, miezi miwili tu kabla ya haradali ya Tupelo. Mwenyewe alikuwa James Harris, Mmarekani mzaliwa wa Mississippi, na filamu za kumtambulisha zilipigwa katika shamba la Jarrett, moshi ukiwa ndio msitu wa Afrika. Alifariki Agosti 2020. Sijui mtu wa Kasese angecheka au angekasirika kwanza. Mavazi yale hayajapata kuvaliwa Bukonzo, wala penginepo Uganda.

Leo Waganda halisi wanao ulingo wao, huko Mukono, mashariki ya Kampala, ambako kijana ajulikanaye kwa jina la Bumbash, kwa kukosa fedha ya kununua ulingo wa Kizungu, alisimamisha magogo, akazungusha kamba, na sakafu akaifanya udongo laini uliolowa. Picha zao zimezunguka dunia kwa simu tangu 2023. Ng'ambo ya mpaka, Wakongo wana mieleka yao ya zamani zaidi, na kule Kinshasa mwanamieleka huweza kumshinda mwenziwe kwa uganga bila kumgusa, jambo ambalo mwamuzi hulihesabu kuwa pigo la halali.

Tope lile la Mukono lina kazi yake, nayo ni kulipokea anguko. Mwanamieleka hujifunza kuanguka kabla hajajifunza kupiga: kidevu akikaze kifuani ili kisogo kisigonge, pumzi aitoe, mgongo wote utue kwa wakati mmoja na viganja vipige chini kuugawanya mshindo. Vijana wanaoigiza pambano kwenye uwanja wa murami wa shule, mara tu watokapo kibandani, huwa wameyashika mapigo yote. Hilo la kuanguka VJ hakuwatajia.