Bima ya Mazao na Mvua ya Setilaiti: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kutia Saini

Mkoa wa Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, unaoanza Novemba na kuishia Aprili. Mvua ikikatika wakati alizeti inatoa maua, au uwele unapoanza kubeba, hakuna msimu wa pili wa kufidia hasara. Ndiyo maana wakala anapofika kijijini Ikungi, Iramba, Mkalama au Manyoni kunadi bima ya mazao, watu humsikiliza kwa makini. Makala hii inaeleza aina moja ya bima hiyo, ambayo malalamiko yake mara nyingi hutokana na mteja kutoelewa alichonunua.

Aina hiyo huitwa bima ya fahirisi. Katika bima hii hakuna mtu anayekwenda shambani kukagua hasara. Kampuni na mkulima hukubaliana mapema juu ya kipimo kimoja, kwa kawaida kiasi cha mvua kinachokadiriwa kwa setilaiti. Kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa katika mkataba, fidia hulipwa. Kisiposhuka, hailipwi, hata kama shamba limekauka. Faida yake ni kwamba gharama hupungua, kwa kuwa kukagua mashamba ya ekari mbili tatu yaliyotawanyika kungegharimu zaidi ya ada yenyewe. Lakini mteja afahamu kwamba kinachoamua malipo yake ni namba, wala si hali ya mimea yake. Hivyo ana haki ya kujua namba hiyo inatoka wapi na nani ameihakiki.

Setilaiti huona nini

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Setilaiti nyingi hufuata kanuni hiyo hiyo. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Meteosat hulitazama bara la Afrika kutoka umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kila baada ya dakika chache hupima joto la vilele vya mawingu. Wingu la mvua ya radi hupanda juu sana, na kilele chake huwa na baridi kali. Wataalamu huhesabu saa ambazo eneo limefunikwa na mawingu ya namna hiyo, kisha hukadiria milimita za mvua. Hivyo ndivyo zinavyopatikana takwimu za TAMSAT za Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Takwimu nyingine zinazotumika sana, ziitwazo CHIRPS, hutayarishwa nchini Marekani. Huchanganya makadirio ya mawingu baridi na vipimo vya ardhini, na kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1981.

Hata hivyo, si kila wingu huleta mvua. Yapo mawingu membamba ya juu yenye baridi kali yanayopita bila kudondosha tone, na yapo ya chini yasiyo na baridi hiyo ambayo hunyesha. Kwa hiyo namba ya setilaiti ni makadirio, na makadirio hayaaminiki mpaka yalinganishwe na mvua iliyopimwa chini.

Uhakiki hufanywaje

Kifaa kinachopima mvua yenyewe ni kipima mvua kinachosomwa kila siku saa tatu asubuhi. Milimita moja katika kifaa hicho ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba ya ardhi. Udhaifu wake ni kwamba hupima mahali kilipo tu, na vipima mvua ni vichache kuliko vijiji. Setilaiti huona kila mahali bila kugusa maji. Kipima mvua hugusa maji mahali pamoja tu. Kwa sababu hiyo huunganishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo imepewa jukumu la kuratibu huduma za hali ya hewa nchini kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 2019, imefanya kazi hiyo kupitia mpango wa ENACTS ikishirikiana na taasisi ya IRI ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani.

Katika uhakiki, wataalamu huweka kando vipimo vya baadhi ya vituo ambavyo havikutumika kutayarisha makadirio, kisha huuliza maswali matatu. Siku ambazo mvua ilinyesha, je, setilaiti iliiona? Siku ilizosema imenyesha, je, ilinyesha kweli? Na kiasi ilichotaja kilizidi au kilipungua kwa kadiri gani? Kwa kawaida majibu huwa mazuri zaidi kwa jumla ya siku kumi au mwezi kuliko kwa siku moja moja.

Upo pia uhakiki usiohitaji kompyuta. Huko Tigray, Ethiopia, katika mradi wa bima ya mvua ulioanza mwaka 2009, wakulima waliulizwa ni miaka ipi walipata ukame mbaya, na majibu yao yakalinganishwa na kumbukumbu za setilaiti. Wazee wa kijiji chochote cha Singida wanaweza kufanya vivyo hivyo.

Mraba mmoja, mashamba mengi

Takwimu za setilaiti hutolewa kwa miraba. Mraba wenye upande wa kilomita 5 una hekta 2,500, yaani zaidi ya ekari 6,000, na wote hupewa namba moja. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkataba unasema fidia italipwa iwapo mvua ya kati ya tarehe 20 Januari na 10 Februari itakuwa chini ya milimita 30. Mvua ya radi inanyesha upande mmoja wa mraba na kuuacha mwingine. Wastani wa mraba unakuwa milimita 38, ilhali shamba la mteja wetu limepata 12. Alizeti yake inakauka, na halipwi. Kampuni haijavunja mkataba, na setilaiti huenda haikukosea. Tofauti hiyo ndiyo hatari kubwa ya bima hii, na uhakiki mzuri huipunguza tu, hauwezi kuiondoa. Wakala anayekuambia kwamba ukipata hasara lazima utalipwa hakuelezi ukweli.

Maswali ya kuuliza

1. Ni takwimu zipi zinazotumika, na nani amezihakiki kwa vipimo vya ardhini vya eneo letu?

2. Mraba wa shamba langu una ukubwa gani, na unaanzia wapi na kuishia wapi?

3. Kipindi cha bima kinaanza lini? Je, kinalingana na tarehe tunazopanda hapa, au kimewekwa kwa kubahatisha?

4. Kwa miaka kumi iliyopita, kipimo hiki kingelipa miaka ipi? Linganisha jibu na miaka ya njaa mnayoikumbuka. Kama haikutani, msitie saini.

5. Takwimu zikikosekana au zikichelewa, mkataba unasema zitumike zipi badala yake?

6. Je, ada imejumuishwa katika mkopo wa pembejeo? Ikiwa ndiyo, ni kiasi gani, na hati ya bima yangu iko wapi?

Dai majibu kwa maandishi, na kwa Kiswahili. Ni vyema chama cha ushirika kiulize kwa niaba ya wanachama wote.

Msimu ukiharibika

Kijiji kikiwa na kipima mvua, mtu mmoja mwaminifu akisome kila siku saa ile ile na kuandika katika daftari. Daftari hilo peke yake halibadilishi malipo, kwa kuwa mkataba hufungwa na kipimo kilichotajwa ndani yake. Lakini huonyesha kama namba ya setilaiti inakosea mara kwa mara katika eneo lenu, na huwapa sababu ya kudai kipimo bora kabla ya msimu unaofuata.

Ukiamini kwamba kiwango cha mkataba kimefikiwa nawe hukulipwa, andika barua kwa kampuni kwanza, ukiomba takwimu za mraba wako kwa kipindi kinachohusika. Usiporidhika, lete malalamiko kwetu, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), au uyapeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ambatisha nakala ya hati ya bima, risiti ya ada na barua mlizoandikiana. Na kabla ya yote hayo, hakikisha kwamba kampuni na wakala wanaokuuzia wamesajiliwa, kwani asiye na usajili hana haki ya kupokea ada yako.