Malale na urithi wa jeni
Malale ni ugonjwa unaosababishwa na vimelea vya jenasi Trypanosoma, vinavyoenezwa na mbung'o. Kimelea cha Afrika Mashariki, Trypanosoma brucei rhodesiense, kinaweza kuvimbisha misuli ya moyo hata kabla ya kuingia katika ubongo. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi za Serengeti na Tarangire (mkoa wa Manyara) waliugua malale.

Damu ya binadamu ina protini ya jeni APOL1 inayoua vimelea vingi vya jenasi hiyo, lakini rhodesiense huizuia. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba protini ya aina ya jeni hiyo iitwayo G2 haizuiliki hivyo. Hata hivyo, anayerithi G2 kwa baba na kwa mama pia yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua figo.